Koti Zito na Koti Jepesi

Jumamosi, mwisho wa Julai. Wingu limeifunika Moshi tangu Jumatatu na mlima haujaonekana hata mara moja. Nimekaa mbali na Tabora miaka sitini na saba na miezi minne. Miezi nayo naihesabu kwa mazoea tu, hakuna anayeniuliza.

Leo nilikwenda sokoni kununua koti la baridi. Si langu. Ni la Leokadia, mjukuu wangu, ambaye Jumanne anapanda mlima kwa mara ya kwanza, na anapanda akiwa mpagazi.

Amesomea ualimu. Tangu amalize chuo huu ni mwaka wa tatu, na hajapata ajira. Rafiki yake anabeba mizigo ya watalii, akamtafutia nafasi. Siku alipokuja kunieleza alibaki mlangoni, ameshika fremu.

“Shikamoo, Babu. Nimepata kazi. Usikasirike.”

Nilimwitikia marahaba, nikamuuliza kazi gani. Alipoitaja nilitazama mkono wake kwenye fremu hadi akadhani sijasikia, akarudia kwa sauti kubwa.

Nilikuwa nimesikia.

Ukurasa huu wa mtandaoni alinifungulia yeye, ili niache kuandika kwenye madaftari yanayoliwa na mchwa. Nimeandika humu habari za magoti, za vitabu, za majirani. Habari ya koti sijaiandika popote. Leo nimemsimulia njiani tukitoka sokoni, na kwa kuwa nimekwisha kuisema kwa mdomo, acha niiandike.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi kwenye ile njia ya zamani, Ujiji hadi Tabora, Tabora hadi Bagamoyo. Mimi nilimkuta mzee, begani ana sugu ngumu kama kisigino. Enzi zake, kwetu Unyamwezi, kijana ambaye hajafikisha mzigo pwani alihesabiwa mtoto hata akiwa na ndevu. Sisi tulikua wakati wa Mwingereza. Njia ilikuwa imekufa, reli imepita juu yake. Vijana walikwenda kukata mkonge, wakaitwa manamba, na sikuona hata mmoja aliyerudi kutoka mkonge akapigiwa vigelegele.

Babu alitufundisha sheria za njiani, mimi na kaka yangu Kalisti, kama wengine walivyofundishwa katekisimu. Nguo nzuri haivaliwi chini ya mzigo: ikunje, iwe ngata, uweke mzigo juu yake, uivae ukifika kambini mbele za watu. Na mzigo uliouchagua asubuhi ni wako hadi kambini, haubadilishwi njiani, kwa sababu msafara unaoanza kubadilishana mizigo haufiki. Tulizijua kwa moyo. Tulizitumia hata kwenye kuchota maji.

Ilikuwepo nyingine ambayo haikuhitaji kufundishwa. Uliyetoka naye nyumbani, rudi naye. Ukishindwa, rudi na nguo yake, usimame mbele ya mama yake, useme kwa kinywa chako. Bila hivyo matanga hayaanuliwi.

Nilipofikisha miaka ishirini na mmoja nilikuwa fundi msaidizi kwenye baraza la duka la Damodar, Tabora mjini. Damodar alizaliwa Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mapadri wetu. Tulishona kanzu, kaptura, magodoro na mito. Mteja wetu mmoja alikuwa Mwingereza wa serikali, mtu aliyependa sana habari za misafara ya zamani. Huyo na wenzake watatu waliamua kupanda Kilimanjaro. Wachaga wanaoujua mlima wao walikuwepo, lakini yeye alitaka wapagazi wake wawe Wanyamwezi. Kumi na wawili. Alisema damu haipotei.

Kalisti alikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Alikuwa amenizidi miaka minne, mrefu, mcheshi, na alikuwa amerudi kutoka mkonge bila vigelegele. Usiku na mchana alikuwa akiimba nyimbo za babu. Mimi nilichukuliwa kuwa karani wa safari: kuandika orodha, kubeba kisanduku cha dawa, na kabla ya yote, kuchagua makoti ya wapagazi. Nilijua kusoma, nilijua kupima, nilikaa dukani. Nani mwingine?

Wazungu walikuwa na ya kwao, yaliyojazwa manyoya ya bata. Ya wapagazi yangeshonwa kwetu kwa khaki, na ndani yajazwe kitu. Vitu vilikuwa viwili: pamba ya Usukuma, au sufi, ile nyuzi laini inayotoka kwenye maganda ya msufi, ambayo sisi tuliijaza kwenye mito.

Damodar alileta bakuli la maji. Akaweka kitonge cha pamba na kitonge cha sufi. Pamba ilikunywa, ikawa kijivu, ikazama. Sufi ilibaki juu. Akaizamisha kwa kidole, ikarudi juu. Akaitoa, akaipuliza, ikafura tena kama ilivyokuwa.

“Umeona, Fabiano?”

“Nimeona.”

“Mlimani kuna mvua?”

“Wanasema ipo.”

“Basi kazi imekwisha.”

Alishona moja la mfano kwa sufi, kwa kipimo changu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu. Jioni wapagazi walikuja barazani kulitazama. Kalisti alilipima mkononi, akalirusha juu, akalidaka kwa kidole kimoja.

“Hili koti, au mto wa mama mkwe?”

Watu walianguka kwa kicheko. Alikuwepo Msukuma mmoja, mtani wetu, aliyekuja kununua kofia tu. Naye hakukosa la kusema: “Mnyamwezi bwana! Anakwenda mlimani kulala, ameshavaa godoro kabisa, bado shuka!”

“Mdogo wangu,” Kalisti aliniambia, sasa kwa upole, “koti lisilo na uzito ni uji usio na unga. Tutaonekanaje mbele za Wachaga?”

Nilicheka na wote. Na kwa kweli makoti ya sufi hayakupendeza. Yalifanya vinundu mgongoni, na nilijua kwamba kila kinundu kingeitwa kwa jina langu njia nzima. Asubuhi nilimwambia Damodar ashone kumi na mawili ya pamba. Mazito, yaliyonyooka, yenye mishono ya kupendeza.

Alinitazama juu ya miwani. “Wewe ndiye uliyeona maji,” alisema. Kisha akaendelea na mashine.

Mimi nilichukua lile la mfano. Lilikuwa limeshonwa kwa kipimo changu, lingekaa bure.

Siku tulipoondoka mama alitusindikiza hadi stesheni ya Goweko, karibu na mashamba yetu. Hakulia. Alinivuta kola, akaona sufi imetokeza kidogo kwenye mshono, akairudisha ndani kwa ukucha. “Mwende wawili, mrudi wawili,” alisema kwa Kinyamwezi. Kalisti akamjibu kwamba tutarudi watatu, maana yeye atachukua Mchaga aje kumpikia mama ndizi. Mama alimpiga kofi la mgongo. Vumbi lilitoka kwenye koti jipya.

Ilikuwa Machi. Mvua zilikuwa zimewahi, wenyeji wakasema tusubiri, bwana yule Mwingereza akakataa.

Siku ya kwanza, msituni, ilinyesha tangu asubuhi. Kabla ya kuinua mizigo, wapagazi wote kumi na wawili walifanya jambo moja bila kuambizana. Walivua makoti, wakayakunja vizuri, wakayaweka kichwani na begani, wakapandisha mizigo juu yake. Nguo nzuri haivaliwi chini ya mzigo. Waongozaji wa Kichaga waliwashangaa. Mmoja alinifuata mimi, karani, akaniuliza kwa nini watu wangu wanabebea mizigo kwenye kitu kitakachowaokoa. Nilimweleza kwa fahari kwamba ndivyo Wanyamwezi walivyotembea hadi pwani.

Kwa fahari. Naliandika neno hilo kama lilivyokuwa.

Mimi mzigo wangu ulikuwa kisanduku cha dawa mgongoni, hivyo nilivaa koti langu. Kalisti aliimba nyuma yangu, wengine wakamwitikia: karani kavaa godoro, karani kalala.

Jioni makoti yao yalikuwa yamekunywa mvua kwa juu na jasho kwa chini. Waliyakausha motoni. Nje yalikauka. Ndani pamba ilikuwa imeshikana mabonge, na katikati ya bonge na bonge hapakuwa na kitu ila khaki. Siku ya pili walifanya vilevile. Niliyashika yale makoti kwa mikono yangu mwenyewe. Nilikuwa fundi, nilijua nilichoshika.

Siku ya tatu tulipita majani ya mwisho. Upepo ulikuwa na barafu ndogondogo ndani yake, zinapiga uso kama mchanga. Hapo ndipo walipovaa makoti, sheria au si sheria. Yalikuwa yamelowa tangu asubuhi. Kama saa tisa mchana, Kalisti alinikuta nimesimama nikifunga kiatu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Alitua mzigo, akagusa mkono wa koti langu, akatabasamu.

“Fabi, hebu tubadilishane kidogo. Hadi pale kwenye jiwe.”

Nilimjibu kwa sauti ya babu, ile ya kukoroma, niliyokuwa nikiiigiza tangu utotoni ili acheke.

“Mzigo haubadilishwi njiani, bwana mkubwa.”

Alicheka. Nami nikacheka. Alisema, “Haya, mzee,” akapandisha mzigo wake.

Siwezi kusema nilikuwa nimesahau bakuli la Damodar. Nililiona wakati ule ule. Nilikuwa nasikia baridi ya vidole tu, mwili wote una joto, na sikutaka koti lile liniondoke.

Nilitangulia. Kambi haikuwa mbali. Walifika wa kwanza, wakafika wa pili, chai ikachemka. Nilipohesabu kwa orodha yangu nilipata kumi na mmoja. Nilirudi na yule mwongozaji wa Kichaga. Tulimkuta Kalisti ameketi nyuma ya jiwe, lile lile alilonionyesha, mzigo umetuliwa vizuri kando yake, mikono imeingizwa kwapani. Koti lake lilikuwa gumu kama ubao. Nilipolivua lilitoa mlio.

Nililivua langu nikamvalisha. Nilifunga vifungo vyote, kuanzia chini. Mwongozaji alinishika bega akasema, “Ndugu, acha.” Sikuacha.

Alizikwa huku Moshi, kwenye makaburi ya misheni, na koti la sufi. Lake la pamba ndilo lililobaki mikononi mwangu.

Kabla ya kupanda nilikuwa nimemwandikia mama, kupitia kwa katekista, kwamba tutashuka Goweko kwa treni ya Jumatano. Sikutuma barua nyingine. Wenzangu walibaki siku chache kwa shughuli za bwana yule. Mimi nilitangulia peke yangu, basi hadi Dodoma, kisha treni. Koti nililipakata njia nzima.

Treni iliingia Goweko asubuhi, jua limetoka. Mama alikuwa pale. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na kichwani amefunga kitambaa cheupe. Alianza behewa la kwanza, akatazama mlango, akaja la pili, akatazama mlango. Hakuwa na haraka. Alikuwa akitafuta watu wawili, na watu wawili ni rahisi kuwaona.

Nilirudisha kichwa ndani. Nilisikia sauti yake nje ya dirisha langu, akimuuliza mtu kama kuna behewa jingine nyuma. Kisha kengele ikapigwa.

Nilishuka Tabora. Nilikaa stesheni hadi treni ya kurudi, nikapita Goweko tena, na safari hii mama hakuwepo. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kuiona nchi yangu: mifuko ya tumbaku, mbuzi mmoja, na mshika bendera.

Wapagazi wengine ndio waliompelekea habari. Mimi niliandika barua ndefu, miezi mitatu baadaye, kutoka huku. Niliifanyia rasimu nne. Jibu lilikuja kwa mwandiko wa katekista, mstari mmoja: “Mama yako anasema, njoo na koti, useme.”

Sikwenda.

Mtu wa Usoke, kule kwetu, niliyekutana naye miaka mingi baadaye aliniambia kwamba mkeka wa msiba ulibaki umetandikwa chumba cha mbele hadi mama alipofariki. Walipomwomba auondoe alisema bado hajaambiwa. Alikuwa ameambiwa na watu kumi na mmoja.

Sasa leo.

Soko la mitumba lilikuwa limejaa, makoti yametundikwa hadi juu kama nyama. Leokadia alikuwa amesoma mambo mengi kwenye simu yake: vazi la ndani la kufyonza jasho, la katikati la joto, la nje la kuzuia maji. Yote kweli. Lakini macho yake yalikuwa kwenye koti moja la manyoya ya bata, la rangi ya waridi, jepesi, zuri. Nilimwomba muuzaji bakuli la maji.

“La nini, mzee wangu? Unataka kulibatiza?”

“Nataka kuona litafanya nini likinyeshewa.”

“Jamani, babu huyu anachagua koti au mchumba?” aliwaambia wenzake, lakini alileta maji kutoka kwa muuza chai.

Nililowesha ncha ya mkono wa koti la manyoya, nikabinya. Lilinywea kama kifaranga kilichonyeshewa. Manyoya yana joto kuliko vyote yakiwa makavu, na anayebeba mkoba mdogo anaweza kuyalinda. Mpagazi hawezi. Nikachukua jingine, la rangi ya matope, lililojazwa nyuzi za kiwandani. Nililowesha, nikabinya, nikaachia. Lilifura.

Sikuamini mara moja. Nilirudia mara tatu. Muuzaji aliacha kutania.

Nilimvalisha Leokadia juu ya sweta mbili, nikamwambia anyanyue mikono kama mwenye mzigo kichwani. Kiuno kisiachwe wazi. Kofia yake ifunike masikio. Zipu nilimfanya aifungue na kuifunga akiwa amevaa glovu nene, kwa sababu vidole vikiganda kifungo kidogo ni kama kufuli. Nilitafuta mishono iliyoachia, sikuiona. Alisema rangi yake mbaya. Nilisema ndiyo, mbaya sana.

Njiani nikamsimulia. Tulisimama mara mbili ili nipumzike. Nilipomaliza nilimwambia mambo mawili: koti usilikunje kuwa ngata, hata kama kila mtu anakunja. Na mtu akikuomba mbadilishane, mpe.

Alitembea hatua kadhaa.

“Nikimpa, Babu, mimi nitavaa nini?”

Miaka sitini na saba, na swali hilo sikuwahi kujiuliza. Tulipofika nyumbani yeye aliingia jikoni.

Nimekaa nalo tangu saa nane. Nimetoa koti la Kalisti kwenye sanduku la bati, nimeliweka mezani hapa ninapoandika. Mabonge yapo vilevile. Na ndipo nilipoyasikia maneno yake tena kama alivyoyasema, nami nilikuwa nimeyakumbuka vibaya miaka yote. Katika kumbukumbu yangu alikuwa akiniomba koti. Hakuniomba koti. Alisema kidogo. Alisema hadi pale kwenye jiwe. Jiwe nililiona kwa macho, mwendo wa kumaliza rozari nusu. Aliomba zamu.

Nimemwita Leokadia kutoka jikoni nikamwambia: vaeni kwa zamu, na mtembee pamoja, asitangulie mtu. Aliitikia kwa kichwa. Ana uso wa mama yangu, hasa akiwa anafikiri.

Kisha akaligusa koti lile kwa ncha ya kidole, akasema akishuka salama twende Goweko, yeye na mimi, tulipeleke. Kuna basi la moja kwa moja siku hizi. Tutafika makaburini, nitasema.

Nilimwambia nitafikiri. Nilimdanganya, nilikuwa nimekwisha kufikiri. Neno lile nilipaswa kulisema kwa Kinyamwezi, kwa mwanamke aliyekuwa akitazama milango ya mabehewa, na nilikuwa umbali wa dirisha moja. Kinyamwezi changu kimebaki cha kijana wa miaka ishirini na mmoja, sina wa kusema naye. Kaburi halina sikio la kunisikiliza, na sitaki kwenda kujipumzisha juu yake.

Leokadia akishuka, koti nitampa yeye. Kama anataka kulipeleka, alipeleke. Anajua sasa la kusema, na ana uso unaofaa kulisema. Nimeandika kwenye kipande cha karatasi jina la mama na jina la mti uliokuwa karibu na nyumba, kama bado upo.

Jumanne nitaamka mapema nimwone akiondoka. Baada ya hapo nitahesabu siku sita.

Mimi Goweko sitarudi.